Kompyuta Inazima Baada ya Kuongeza RAM? Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Kompyuta yangu ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 16, vipande viwili vya GB 8. Nikaongeza vingine viwili vya aina ya DDR4 (kizazi cha RAM kabla ya DDR5) vyenye kasi ileile ya 3200, nikafunga kava, nikawasha. Ikawaka vizuri na kusoma GB 32. Siku ya pili, nikiwa nahariri video, skrini ikageuka bluu, na ujumbe wa kosa: MEMORY_MANAGEMENT. Kesho yake likaja IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Baada ya hapo ikawa inajizima na kujiwasha bila kuandika chochote.

Nikapiga Windows upya. Ndilo kosa ninalotaka wewe uliepuke, maana RAM yenye hitilafu haiishii kuzima kompyuta tu. Faili unalonakili hupitia kwenye RAM kabla ya kufika kwenye diski. Biti moja (sifuri au moja, kipande kidogo kabisa cha data) ikigeuka humo, faili linaandikwa likiwa limeshaharibika, na hupati onyo lolote. Picha kadhaa nilizohamisha siku zile zilikataa kufunguka. Hata ile Windows mpya ilipitia kwenye RAM hiyohiyo, ikaja na makosa yake, nami nikazidi kuchanganyikiwa nisijue kipi ni chanzo na kipi ni matokeo.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, acha kuhamisha vitu vyako vya thamani kwa kutumia mashine hiyo. Kisha irudishe ilivyokuwa. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kava uondoe umeme tuli mwilini, halafu toa kifaa kipya. Itumie kwa kazi ileile iliyokuwa ikiizima. Ikitulia, umeshajua pa kutafuta. Isipotulia, kagua ulipopitisha mikono: waya wa diski uliolegea, plagi ya feni iliyochomoka, kadi isiyokaa sawasawa kwenye sloti yake.

Kwa RAM, kipimo ninachokiamini ni programu ya MemTest86. Unaiweka kwenye fleshi na kuwashia kompyuta kutoka humo, Windows ikiwa haijaamka kabisa. Iache usiku kucha. Kosa hata moja halikubaliki. Asikudanganye mtu kwamba mawili matatu ni kawaida.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Vile vipande viwili vya zamani vilipita bila kosa. Vipya navyo vikapita. Nilipoweka vyote vinne pamoja, makosa yakajaa skrini hata kabla ya saa moja kwisha. Hakukuwa na kipande kibovu! Kasi inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya XMP, yaani mpangilio unaozidisha kasi na mara nyingi volti pia, kutoka 1.2 hadi 1.35. Vipande vinavyouzwa pamoja vimepimwa pamoja. Vya boksi mbili tofauti havina dhamana hiyo. Tena vipande vinne humpa prosesa mzigo mkubwa kuliko viwili. Nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijaamka, nikazima XMP, nikaweka kasi ya 2666. Makosa sifuri. Kwenye kazi zangu sijaona tofauti yoyote ya kasi. Ningeanza upya leo, ningenunua boksi moja lenye vipande viwili vya GB 16 na kuvitoa vile vya zamani.

Wenye DDR5 wajue pia kwamba mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa mashine ikijipima. Usiizime.

Kama ulichoongeza si RAM bali kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, tabia ni nyingine. Ikiwa kompyuta inakatika ghafla ukiwa kwenye gemu tu, bila skrini ya bluu, fungua Event Viewer, daftari la matukio lililomo ndani ya Windows. Ukikuta Kernel-Power 41, hiyo inakwambia tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, haisemi kwa nini. Ikiambatana na BugcheckCode 0, yaani Windows haikurekodi kosa lolote la skrini ya bluu, mimi huanza kushuku umeme. Sloti ya kadi hutoa wati 75 na plagi ya pini 8 huongeza 150, lakini kadi za kisasa huvuta zaidi ya hapo kwa vipindi vifupi sana, na pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) iliyochoka hujikata. Kadi yenye plagi mbili ipe waya mbili zinazojitegemea, usitumie moja iliyogawanyika. Na kabla ya kuirudisha dukani ukidai ni mbovu, ijaribu kwa pawa saplai nyingine.

RAM ilipotulia ndipo nilipopiga Windows kwa mara ya pili, safari hii bila shida. Mafaili yote niliyonakili wakati wa matatizo niliyafuta, hata yaliyoonekana mazima, nikayachukua upya kutoka kwenye diski ya nje.