Muulize Fundi: GPS yangu ya miaka 13, nibadilishe au niendelee nayo?

SWALI: Assalaam alaykum mwanangu wa safu hii. Mi ni nahodha hapa Mafia, navua kwa mshipi, changu na chewa zaidi. GPS yangu ya mkononi, ile ya kijivu ya betri mbili inayoelea, ninayo tangu 2012 na haijawahi kunipoteza hata siku moja, usiku, mvua, kusi limechachamaa, imenirudisha nyumbani. Sasa kijana wangu ananiambia baba hiyo kitu imezeeka, tumia simu au nunua mpya. Ni kweli ina mambo yake. Tarehe inaonyesha mwaka wa nyuma kabisa, bahari ikichafuka inazima yenyewe nikiigonga inawaka, na siku hizi asubuhi naona kama jasho ndani ya kioo pale kwenye kona, jua likipanda linapotea. Humo ndani nina pointi 214 za miamba, nyingine nilionyeshwa na marehemu baba kwa kuoanisha minazi na mnara, mi nikaja kuzipiga kwenye GPS. Mpya naambiwa karibu milioni. Nifanyeje?
Nahodha, Kilindoni

JIBU: Waalaykumu salaam, na shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye zile 214 nasimama, maana mali yako ni zile pointi mzee, plastiki ya kijivu ni gunia tu la kuzibebea. Kwa hiyo kabla hatujaongea habari ya kununua wala kutupa, naomba leo leo usiku uzitoe humo ndani.

Kama tundu la kebo bado zima, mtafute kijana mwenye kompyuta, aweke programu ya bure ya kampuni iliyoitengeneza, azivute zote kwenye faili la GPX, yani faili la kuhifadhia pointi, halafu ajitumie kwenye imeili, akuwekee na kwenye flashi. Tundu likiwa limeshaliwa na chumvi, basi kaunta buku na kalamu. Wewe unasoma, kijana anaandika, mkimaliza ukurasa yeye anakusomea wewe unahakiki, jioni mbili tatu mmemaliza. Andikeni tarakimu zote tatu baada ya nukta ya dakika, msikate hata moja, ile ya mwisho ni kama mita mbili na ile ya kabla yake ni kama mita 18, na wewe unajua mita 18 kwenye mwamba mdogo ni kushusha mshipi kwenye chewa au kwenye mchanga mtupu. Zile za marehemu mzee wako andika na alama zake za minazi pembeni, hizo hazihitaji betri.

Nasisitiza hivi kwa sababu nimeshaona kwa macho yangu, jamaa yangu alipeleka yake kwa fundi mmoja mjini inazimazima, fundi akai-riseti akidhani anasaidia, ikarudi inawaka vizuri kabisa na ndani hamna kitu. Yule bwana alikaa kwenye ngazi za duka hajasema neno. Miaka tisa ya bahari ilikuwa imefutika kwa kubonyeza vitufe viwili.

Haya, sasa magonjwa yake.

Tarehe isikutishe. Setilaiti za GPS zinahesabu wiki, na hesabu yake ya asili inafika wiki 1,024 tu halafu inarudi sifuri, ni miaka 19 na miezi kama saba. Mara ya mwisho ilirudi usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019, kwa saa zetu ilikuwa saa tisa usiku, na vifaa vingi vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vilijikuta vimerudi nyuma karibu miaka 20. Mahali bado kinapatia sawasawa, tarehe tu ndo imekosea. Ila angalia kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, ule ukurasa wa mwezi ndani ya GPS usiutumie tena kabisa. Wiki 1,024 ni siku 7,168, na hizo haziingii sawasawa kwenye miezi ya kuandama, zinapungua kama siku 8, kwa hiyo kifaa kinaweza kukuonyesha mwezi mpevu wakati juu mbinguni ni nusu mwezi, yani kinakwambia bamvua, maji makubwa, siku ya maji mafu, maji madogo. Wewe mwezi unaujua kwa macho, kijana wako ndo umwambie.

Kuzima bahari ikichafuka, hiyo mara nyingi ni spring za betri. Fungua kifuniko cha nyuma uangalie, nina uhakika karibu wote utakuta unga wa kijani. Sugua na mswaki mkavu, halafu pamba yenye tone la siki au ndimu, pitisha kitambaa chenye maji safi kidogo, acha ikauke siku nzima kifuniko wazi, ukirudisha vuta spring kidogo sana na kucha ibane betri. Wimbi likipiga mashua betri inaruka, mguso unakatika, kinazima. Hapo hujatumia hata shilingi. Na usiache betri za kawaida ndani miezi ya kusi ukiwa umepumzika, zinavuja.

Jasho kwenye kioo ndo linanifanya nikwambie nunua. Hilo maana yake mpira unaozuia maji umechoka, hewa ya chumvi inaingia na kutoka kila siku, ukungu wa leo unageuka kutu kwenye saketi kesho, na siku hiyo haitakupa taarifa. Kuna mafundi wanafungua na kupaka silikoni, mi siwezi kukushauri utegemee hiyo ukiwa maili 12 kutoka nchi kavu na watu wanne kwenye chombo. Kwa hiyo jibu langu ni badilisha, kabla kusi halijaanza, lakini si kwa sababu alizosema kijana.

Kuhusu simu nimtetee kijana kidogo. Watu wanasema GPS ya simu haifanyi kazi bila mtandao, si kweli, inafanya, inachelewa tu kushika mara ya kwanza na ramani haifunguki kama hukuipakua ukiwa nchi kavu. Tatizo ni mikono. Kidole chenye maji ya chumvi na magamba ya samaki kwenye skrini ya kugusa hakifanyi kitu, jua la saa saba simu inachemka inajizima, na betri ndo hiyo hiyo ya kupiga kuomba msaada. Iwe ya akiba, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Mpya, chukua yenye vitufe na inayotumia betri za kawaida za AA zinazopatikana dukani hapo kwenu. Garmin eTrex SE ni ya betri mbili za AA na kampuni inasema inaenda hadi saa 168, ndogo, ifunge kamba. Ukizoea inayoelea basi GPSMAP 79, nayo ni ya AA, ghali zaidi. GPSMAP 67 inasifiwa sana lakini betri yake ni ya ndani, ya kuchaji, ikikuishia kule nje hamna cha kubadilisha, mi kwa mvuvi nasita. Na dukani wakikusifia WAAS, ile mitambo ya kusahihisha GPS, usiongeze hata senti, hiyo ni ya Amerika Kaskazini, huku kwetu haifiki.

Usitegemee mpya izifanye pointi za zamani ziwe kali zaidi. Kama mwamba uliupiga mwaka 2013 ukiwa mita 8 pembeni, zile mita 8 zimeandikwa ndani ya namba yenyewe, utafika pale pale ulipokosea, tena kwa usahihi mkubwa. Kila ukifika mwamba tupa bildi, ile risasi ya kupimia kina, ukiupata kileleni piga pointi upya.

Na wakati wa kuingiza namba, hapa ndo watu wanapoteza miamba. Angalia kwenye setingi fomati iwe ile ile, digrii na dakika zenye nukta. Ukiwa na kusini 07° 54.350 halafu kijana akaiingiza kama dakika 54 sekunde 35, umehama kama mita 430, maana .350 ya dakika ni sekunde 21, si 35. Datamu, yani msingi wa vipimo ambao namba zinahesabiwa kutoka kwake, iwe WGS 84 kote.

Kisha bamvua moja zima beba zote mbili, weka pamoja, nenda miamba mitano unayoijua kama mlango wa nyumba yako. Zikikubaliana, ya zamani toa betri, ifunge kitambaa, iweke kabatini na ile kaunta buku.

SWALI: Kaka, mi naongoza watu kutembea milimani huku Iringa, nina ramani ya karatasi ya zamani ya 1:50,000, na GPS yangu kila nikisoma haikubaliani na ramani, inatofautiana kama mita 300. Imekufa?
Mpanda mlima

JIBU: Haijakufa, usinunue kitu. Ramani zetu za zamani zimepimwa kwa datamu ya Arc 1960 na GPS yako iko WGS 84, tofauti ya hizo mbili huku kwetu ndo hizo hizo mita kama 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini-kusini. Soma maandishi madogo chini ya ramani yako utaliona jina. Ingia setingi, badilisha datamu iwe Arc 1960 unapotumia ile ramani, na ukimaliza irudishe WGS 84, hasa kabla hujamsomea mtu namba kwenye simu aje kuchukua mgonjwa.