Maswali na majibu: mti wa chunguni uliopigwa na joto

Maswali ya safari hii karibu yote yana kilio kimoja: mti ulikuwa umependeza, likaja joto kali, sasa majani yamekauka kingo au yamepukutika. Nimechagua machache.

Fikasi yangu imebaki vijiti. Nitajuaje kama bado iko hai, au niitupe tu?

Kabla ya kuitupa, ikwangue. Chagua kijitawi chembamba, kwangua gome kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, kijitawi kizima. Ukiona kahawia kavu, shuka kwenye tawi nene, na hatimaye kwenye shina. Mara nyingi ncha zimekufa lakini chini kuna uhai, na machipukizi hutokea hapo baada ya wiki kadhaa. Usiwe na haraka nayo.

Halafu, kupukutisha si habari mbaya kama unavyodhani. Tawi lililo hai ndilo lenye nguvu ya kuachia majani. Tawi lililokufa ghafla hubaki na majani yake makavu yameng'ang'ania, hata ukiyavuta hayatoki kirahisi. Hilo ndilo la kutia wasiwasi.

Namwagilia kila siku mpaka maji yanatoka chini, lakini majani bado yamelegea. Nakosea wapi?

Maji kutoka chini hakumaanishi kwamba mizizi imekunywa. Udongo wa chunguni, hasa wenye mboji nyingi, ukikauka sana husinyaa na kuachana na ukuta wa chungu. Tena unakuwa kama unayakataa maji, nayo yanapita pembeni moja kwa moja hadi matunduni. Unaona sahani imejaa, unaridhika, kumbe katikati ni vumbi tupu.

Nyanyua chungu. Kikiwa chepesi kuliko ulivyotarajia, kiingize kwenye ndoo au beseni la maji mpaka maji yafunike udongo, ukiache hadi mapovu yakome kupanda. Nusu saa kwa kawaida hutosha. Kitoe, kiache kichuruzike kabisa, na umwage maji ya kwenye sahani.

Lakini kikiwa kizito, udongo umelowa na majani bado yamelegea, acha kumwagilia. Hapo mizizi yenyewe imeharibika, haiwezi tena kuvuta maji, na kila kopo la maji unaloongeza linaikosesha hewa. Chomoa mti taratibu uitazame. Mzizi mzima ni mgumu, mara nyingi mweupe au wa rangi ya krimu kwenye ncha. Uliooza ni mweusi au kahawia, unateleza, ganda lake linabanduka vidoleni na unanuka. Kata iliyooza, badilisha udongo, rudisha kwenye chungu kisichozidi ukubwa wa mizizi iliyobaki. Hii ndiyo hali pekee ambayo ningekubali umbadilishie udongo au chungu mti ulio hoi. Vinginevyo uache kwenye chungu chake.

Na kama majani hulegea saa nane mchana lakini jioni yamesimama yenyewe, huna mgonjwa. Jua likiwa kali majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyaleta, basi.

Niupe mbolea upate nguvu?

Hapana. Mbolea ni chumvi. Ikizidi kwenye udongo huzuia mizizi kupata maji, na mizizi iliyoungua haina pa kuipeleka. Subiri majani mapya yafunguke kabisa, kisha anza na nusu ya kipimo.

Nikate majani yaliyoungua? Yanachukiza macho.

Yavumilie. Jani lenye nusu ya kijani bado linautafutia mti chakula, na hata lililokauka linalitilia gome kivuli. Pogoa pale machipukizi yatakapokuonyesha uhai umeishia wapi. Kama mti wako ni wa kubebeshwa, yaani tawi la mti mmoja limeungwa kwenye shina la mwingine, chunguza yanatokea wapi: yakitoka chini ya kovu la kiungio, hayo ni ya mti mwingine kabisa. Yaondoe.

Niuingize ndani kwenye ubaridi?

Chumbani mwanga ni hafifu, na kwa fikasi hasa, kuhamahama kwenyewe kunatosha kuipukutisha. Tafuta kivuli cha nje kinachopata jua la asubuhi tu, au utundike neti ya kivuli.

Ila wengi hukinga majani na kusahau chungu. Weka kiganja chako ubavuni mwa chungu cheusi cha plastiki alasiri. Kama huwezi kukiacha hapo, mizizi iliyogusana na ukuta huo inapikika. Ikifika nyuzi 40 hivi, mizizi ya miti mingi huanza kudhurika. Kitumbukize ndani ya chungu kikubwa cha rangi nyepesi, nafasi ya katikati ikibaki wazi, au kipange nyuma ya vyungu vingine. Juu ya udongo weka matandazo, yasiguse shina.

Ni kweli matone ya maji mchana huunguza majani?

Sijawahi kuona jani laini lisilo na manyoya likiungua hivyo. Geuza majani uangalie upande wa chini: vidoa vingi vidogo vya njano na utando mwembamba ni kazi ya utitiri, ambao hustawi kwenye joto kavu. Wapige maji kwa nguvu huko huko chini, urudie baada ya siku chache.