"Enjoy" haifuatwi na "to"

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mgeni uliyempeleka Manda kwa mashua alikusahihisha uliposema "I enjoy to sail", ilhali "I want to sail" aliiacha. Kosa limetoka kwenye Kiswahili chetu: ku- yetu inafanya kazi zote mbili, ya "to" na ya -ing. "Nataka kuogelea" na "kuogelea kwake kunapendeza" ni umbo lile lile. Kiingereza kimezigawa, na kitenzi kinachotangulia ndicho kinachoamua.

"Want", "hope", "decide" na "promise" hufuatwa na "to", maana mara nyingi jambo lenyewe bado liko mbele. "Enjoy", "finish", "avoid" na "suggest" hutaka -ing. Ila hiyo ya "jambo liko mbele" usiitegemee sana. "Suggest" nayo husemea yajayo. Mimi naona bora ukariri kitenzi na mwenzake pamoja, "enjoy sailing", kama neno moja.

Penye hatari kwako wewe wa baharini ni "stop". "We stopped to fish" ni tulisimama ili tuvue. "We stopped fishing" ni tuliacha kuvua! Mgeni aliyelipia kuvua akisikia hiyo ya pili atajua shughuli imekwisha. Vivyo hivyo "remember to pay" ni usisahau kulipa, na "I remember paying" ni nakumbuka nililipa. "Start" haina shida, tumia yoyote.

Na ukiwaandikia wageni "we look forward to", malizia "seeing you", si "see you". Hiyo "to" ni kihusishi, neno la aina ya "in" au "at", si ile "to" ya kitenzi, na wengi waliosoma sana huteleza hapo.