Jina la kitambulisho au jina la duka?

Mwezi huu mmeniandikia swali moja kwa sura nyingi: nikiuza bidhaa mtandaoni, niseme mimi ni nani au nijifiche? Nimechagua barua saba. Zote zimesainiwa kwa majina ya kubuni, nami nimezijibu bila kumwomba mtu kitambulisho.

Naanza kuuza mikoba mtandaoni. Nifungue ukurasa kwa jina langu kamili na picha yangu, au nibuni jina la duka? Mume wangu anasema asiyejitaja ni tapeli. (Mgeni wa Biashara)

Mume wako ana hoja, ila ameishika mkiani. Mnunuzi hahangaiki kujua wazazi wako walikupa jina gani. Anachohofia ni kimoja: nikituma pesa na mzigo usipofika, nitamshika nani? Tapeli naye ana jina, tena zuri, na picha ya mtu anayetabasamu. Kesho anafuta ukurasa, anafungua mwingine. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini wao waliuza sokoni, mnunuzi akakishika kitu mkononi na kukigeuzageuza. Wako anashika picha. Kwa hiyo anachopima ni iwapo jina analoliona leo litakuwepo wiki ijayo akirudi na malalamiko.

Kuna utafiti wa Paul Resnick na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ambao napenda kuwasimulia wauzaji wapya. Walishirikiana na muuzaji mzoefu wa postikadi za zamani kwenye eBay, soko la mtandaoni. Akauza postikadi zinazofanana kwa njia mbili: nyingine kupitia akaunti yake ya siku zote, iliyojaa sifa za wateja, nyingine kupitia akaunti mpya zilizofunguliwa kwa ajili ya jaribio. Mtu yuleyule, bidhaa zilezile. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 8 zaidi kwa akaunti ya zamani. Na kwenye eBay watu huuza kwa majina ya akaunti, si ya kitambulisho. Waliongeza pesa kwa sababu ya historia.

Nenda na jina la duka basi, lakini ulichague kama unayeoa: usilibadilishe kila biashara ikiyumba. Liwe moja kwenye kila mtandao, kwenye risiti na kwenye mfuko wa kufungia mzigo. Chini yake weka jina lako la kwanza, ili mteja ajue anaongea na mtu. Uso wako ni hiari. Ningekushauri vingine kama ungekuwa unauza ujuzi, kwa mfano ushauri, mafunzo, au mavazi unayoyashona kwa vipimo vya mteja. Hapo anayenunuliwa ni wewe, na kujificha kutakugharimu. Mkoba hauna shida hiyo.

Kama mume wako bado anabisha, msimulie habari za Betty Crocker. Mwaka 1921 kampuni ya unga ya Washburn-Crosby, huko Minneapolis, Marekani, ilipokea barua nyingi za maswali ya mapishi. Ikambuni mwanamke wa kuzijibu: "Crocker" likatoka kwa mkurugenzi wake mstaafu, "Betty" likachaguliwa kwa sababu lilisikika la kirafiki. Mwaka 1945 jarida la Fortune lilimtaja kuwa mwanamke wa pili kwa umaarufu Marekani, nyuma ya Eleanor Roosevelt, mke wa rais, na hakuwahi kuzaliwa. Wapo watakaosema huo ulikuwa uongo, nami nusu nakubaliana nao. Lakini unga ulikuwa wa kweli, na aliyekuwa na lalamiko alijua kampuni ya kuiandikia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Jioni nauza nguo za ndani za kike mtandaoni. Si haramu, lakini sitaki wanafunzi wala mkuu wangu wa shule wajue. Natumia jina la duka na sijaweka picha yangu. Nimejificha vya kutosha? (Ticha)

Hapana, Ticha, na tuanzie kwenye malipo. Mifumo mingi ya pesa kwa simu humwonyesha mlipaji jina lililosajiliwa kwenye laini. Mteja anakutumia pesa, na jina lako kamili linamtokea kabla hujamwambia asante. Dawa yake ni kusajili jina la biashara na kufungua akaunti ya malipo ya biashara, ili linalotokea liwe la duka.

Kisha namba. Kama laini ya duka ndiyo ileile uliyowapa wazazi wa wanafunzi, hujajificha hata kidogo. Mzazi akiwa na namba yako kwenye simu yake, mtandao unaweza kumpendekezea ukurasa wako kama mtu anayemfahamu. Chukua laini nyingine na simu nyingine, hata kuukuu, na usiruhusu programu za mitandao zisome orodha yako ya namba. Kumbuka pia kwamba ziko programu za kutambua wapigaji, kama Truecaller, na kwamba jina ambalo watu walikuhifadhi nalo linaweza kuwatokea usiowajua. Namba ambayo marafiki wameihifadhi "Mwalimu Fulani" haifai kwa kazi hii.

Picha nazo zina midomo. Simu ikiwa imeruhusiwa kuhifadhi mahali, huandika ndani ya faili la picha pale ilipopigiwa. Mitandao mikubwa huondoa taarifa hizo unapoposti, lakini ukimtumia mteja picha kama faili, au ukiiweka kwenye tovuti yako mwenyewe, huenda zikabaki. Zima kipengele hicho kwenye kamera. Halafu angalia nyuma ya bidhaa: pazia la sebuleni ambalo wenzako wanalijua, kioo kinachokuonyesha, daftari za wanafunzi mezani. Mara nyingi pazia ndilo huumbua watu, wala si teknolojia. Na ukiposti picha moja kwenye ukurasa wako binafsi na kwenye duka, mtu anaweza kuitafuta kwa picha yenyewe akapata kurasa zote mbili.

La mwisho ni mkataba wako wa kazi. Usome. Waajiri wengine hutaka mtumishi atangaze biashara yake ya pembeni, na hapo jina la kubuni halikulindi, litakuzidishia kosa tu, kwa sababu itaonekana ulijua na ukaficha. Ukikuta kifungu hicho, ni heri umweleze mkuu wako kwa faragha kwamba unauza nguo. Hakuna anayekulazimisha kueleza ni nguo gani.

Hata ukifanya yote haya, siku moja mtu atajua. Andaa sentensi yako ya siku hiyo. Iwe fupi, na isiwe ya kuomba radhi.

Sheria inaruhusu kuuza bila jina halisi? (Nauliza Tu)

Jina la biashara, karibu kila mahali ndiyo. Kutojulikana na yeyote, hapana. Tenganisha watazamaji watatu: umma, mtoa huduma ya malipo, na serikali. Wawili wa mwisho watataka jina la kitambulisho, na ukiwadanganya hao hiyo si faragha tena.

Nchi hutofautiana juu ya kile umma unachopaswa kuona. Umoja wa Ulaya, tangu maelekezo yake ya mwaka 2000 kuhusu biashara ya mtandaoni, hutaka anayetoa huduma aonyeshe jina, anwani na barua pepe. Marekani ina sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2023: muuzaji anayefikisha mauzo 200 na dola 5,000 ndani ya miezi 12 mfululizo kwenye soko la mtandaoni lazima alipatie soko hilo taarifa zake za benki, kodi na mawasiliano. Akifikisha dola 20,000 kwa mwaka, wanunuzi nao waonyeshwe jina na mawasiliano. Jina hilo linaweza kuwa la kampuni, na asiye na anwani nyingine ila ya nyumbani anaweza kuomba isionyeshwe yote. Hata sheria kali, kumbe, imemfikiria Ticha wetu.

Kwako, ulizia ofisi inayosajili majina ya biashara na mamlaka ya kodi. Uende mwenyewe, usitegemee alichokuambia muuzaji mwenzako.

Jina langu likisomwa tu, mtu anajua nimetoka wapi na ninasali wapi. Nimeona wateja wakiniuliza bei, wakishaona jina wananyamaza. Nikilibadilisha, nitakuwa nimewasaliti wazee wangu? (Mtoto wa Mtu)

Kwanza, hujaota. Wachumi Jennifer Doleac na Luke Stein walitangaza mtandaoni, nchini Marekani, kifaa kilekile cha kusikilizia muziki, picha ikionyesha mkono ulioshika kifaa. Mara mkono ulikuwa wa mtu mweusi, mara wa mweupe. Mkono mweusi ulipata majibu pungufu kwa asilimia 13 na ofa pungufu kwa asilimia 17. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2013. Wanunuzi hao waliona mkono tu. Wako wanaona jina zima.

Pili, jina la duka halikufuti wewe. Wazee wako walikupa jina la kuitiwa, hawakukuagiza ulifanye kibao cha biashara. Ukitaka kulibeba mbele ya watu kwa fahari, libebe, na ujue huenda ukauza polepole mwanzoni mpaka sifa zako zijulikane. Ukitaka kuuza bila kuhukumiwa kabla ya bidhaa kuonekana, weka jina la duka. Sioni usaliti popote. Ninachokukataza ni kujivika jina la kabila au dini nyingine ili uwapendeze wanunuzi. Hilo litakulazimu kudanganya katika kila mazungumzo, na siku utakayosahau, utaumbuka.

Duka langu ni jipya, halina maoni ya wateja. Nikifungua akaunti tatu nne za kubuni nijisifie kidogo, si ni matangazo tu? (Mwenye Haraka)

Usithubutu.

John Mackey, aliyekuwa mkuu wa maduka ya Whole Foods huko Marekani, alijibandika jina "Rahodeb" kwenye majadiliano ya Yahoo kuhusu hisa. Kwa miaka kadhaa akaisifu kampuni yake na kuiponda Wild Oats, mshindani wake. Alizisifu hata nywele zake mwenyewe! Mwaka 2007 Whole Foods ilikuwa inataka kuinunua hiyo hiyo Wild Oats, tume ya biashara ya serikali ikapinga ununuzi huo, na katika nyaraka za kesi Rahodeb akafichuliwa. Watu wakaisahau kesi, nywele wakazikumbuka. Tume hiyohiyo sasa ina kanuni, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayopiga marufuku maoni bandia ya wateja, nayo inaambatana na faini.

Jina la duka humficha mwenye duka. Akaunti zako tatu nne zinamdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa. Waombe wateja wako watano wa kwanza waandike walichokiona, wakilalamika usifute, jibu.

Naweza kutumia picha ya mtu aliyetengenezwa na kompyuta kama "mwanzilishi" wa duka langu? Ni mrembo kuliko mimi. (Sura Mbili)

Picha ya mchoro au nembo, sawa. Uso unaoonekana wa mtu halisi, ukiwa na cheo cha mwanzilishi, ni kumwambia mteja kwamba yupo mtu asiyekuwepo. Na atakuja mteja atakayetaka kuongea naye kwa video. Utamleta nani?

Nilianza kwa jina langu kamili, miaka mingi iliyopita. Biashara imekua, sasa kampuni inataka kuinunua, jina na vyote. Nina wasiwasi ambao siwezi kuueleza. (Jina Langu Ukutani)

Wasiwasi wako unaelezeka, na kuna mwenzako aliyekutangulia. Elizabeth Emanuel ni Mwingereza aliyebuni, pamoja na David Emanuel, gauni la harusi la Princess Diana wa Uingereza la mwaka 1981. Miaka ya 1990 biashara yake, pamoja na alama ya biashara yenye jina lake, iliingia mikononi mwa kampuni. Alifanya kazi humo kwa muda mfupi, akaondoka. Jina likabaki, likapita kutoka kampuni moja hadi nyingine. Alipopinga kwamba umma unadanganyika ukidhani yeye bado ndiye mbunifu, kesi ilifika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya. Tarehe 30 Machi 2006 mahakama ikasema hiyo peke yake si sababu ya kuinyima kampuni alama hiyo. Fikiria: unapita dukani, unaona jina lako kwenye gauni ambalo hukulichora.

Sisemi usiuze. Biashara yenye jina la mtu inauzika, na pengine bei ni nzuri kwa sababu jina ni lako. Ila ujue unauza nini. Unaweza kutaka mkataba useme jina litumike kwa aina hii ya bidhaa pekee, au wakupe muda wa kulihamisha duka hatua kwa hatua kwenda jina jipya, kisha la kwako likurudie. Angalia pia kurasa za mitandao: ule ulioposti picha za watoto wako mwaka wa kwanza, ndio huo huo wanaoununua? Toa vya nyumbani kabla ya kukabidhi nywila.

Na kabla hujasaini, mpelekee mkataba wakili wa alama za biashara, asiwe wa kwao, umuulize hivi: nikiondoka hapa, nikafungua duka jingine kesho, ninaruhusiwa kuandika jina langu mlangoni? Akikujibu "inategemea", usisaini siku hiyo.