Gari yangu iko wapi saa hii? Maswali yenu kuhusu kufuatilia meli kutoka Japani

Wadau, wiki hizi mbili nimepata maswali mengi sana ya watu walioagiza gari na sasa wanashinda kwenye simu wanatafuta meli. Nimechukua machache niyajibu hapa maana wengi mnauliza kitu kilekile.

Kaka, nimeandika jina la meli kwenye MarineTraffic, ile tovuti ya kufuatilia meli, zikatokea meli tatu za jina hilohilo. Yangu ni ipi? (Dada, Mbeya)

Achana na jina dada yangu. Meli ikiuzwa inapakwa jina jingine na kupewa bendera nyingine, leo Panama kesho Liberia, lakini namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli yenye tarakimu 7, inabaki nayo tangu inaundwa mpaka siku inakatwa chuma chakavu. Muombe aliyekuuzia akupe hiyo namba pamoja na namba ya safari. Alafu ukishaipata ihakiki mwenyewe, ni hesabu ya darasa la tano tu: chukua tarakimu sita za mwanzo, zidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, hivyohivyo mpaka ya sita kwa 2, jumlisha zote, na tarakimu ya mwisho ya jumla yako lazima ilingane na ile ya saba. Mfano 9074729: inakuja 63+0+35+16+21+4, jumla 139, mwisho 9, imekubali. Isipokubali, ama mtu kakosea kuandika ama kaitunga.

Meli ilikuwa inaonekana Singapuri, sasa siku ya nne haipo. Imezama? (Mama, Arusha)

Hapana mama, tulia kabisa. Meli zinazoenda nchi za nje, kuanzia ukubwa wa tani 300, lazima ziwe na redio ya AIS inayotangaza jina, mahali ilipo na mwendo wake. Sasa minara ya nchi kavu inasikia kama maili 40 za baharini tu, baada ya hapo ni setelaiti, na taarifa za setelaiti zinauzwa. Kwahiyo ukitumia akaunti ya bure utaiona vizuri mpaka mlango wa bahari wa Malaka, pale ukitoka Singapuri, ikishaingia katikati ya Bahari ya Hindi inakuwa kimya, mpaka ikaribie pwani yetu ndo inaibuka tena.

Lakini sitakuficha, meli za magari kuna wakati zinaungua. Felicity Ace ilizama 2022 karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari kama 4,000, na Morning Midas ikazama 2025 Bahari ya Pasifiki na magari kama 3,000. Ndo maana nasema angalia invoisi yako imeandikwa CIF au C&F. CIF bima imo ndani, C&F haimo, na ile tofauti ndogo ya bei watu wanaikwepa wakati gari lenyewe wamelilimbikizia miaka.

Tarehe ya kufika ilikuwa 12, ikawa 19, sasa 23. Ajenti ananidanganya?

Pengine hata yeye hajui. Ile tarehe na bandari inayoenda unavyoviona kwenye ramani vinaandikwa kwa mkono na afisa ndani ya meli, akisahau kubadilisha inabaki ya safari iliyopita. Piga hesabu mwenyewe: Yokohama mpaka Dar ni kama maili 7,000 za baharini, kwa mwendo wa noti 16 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) meli inakula maili 384 kwa siku, yani siku 18 bila kusimama. Ila roro, yaani meli ya kubeba magari, inasimama, inaokota magari Nagoya na Kobe, inapita Singapuri, pengine inaanza Mombasa au hata Durban ndo irudi Dar, na mwezi wa sita mpaka wa nane inapigana na upepo wa kusi, mwendo unashuka. Mimi siangalii tarehe, naangalia bandari ilizokwishapita na noti inazokwenda leo. Noah yangu ilipokuwa njiani niliona mshale wa meli kwenye ramani umegeuka duara nje ya Dar, spidi 0.1, siku tatu, nikajua imetia nanga inasubiri gati.

Nimetumiwa BL, ile hati ya kupakia mzigo melini, na nadaiwa nusu iliyobaki. Nitajuaje gari kweli imepanda? (Ndugu, Lubumbashi)

Ndugu yangu usitume hela bado, tafadhali. Ramani inaonyesha meli, haionyeshi gari lako, na matapeli wanalijua hilo, wanachukua jina la meli ya kweli wanaliweka kwenye karatasi ya uongo. Soma BL taratibu: chesisi namba ilingane na ya kwenye picha, angalia bandari ya kupakia na tarehe ya kupakia, alafu tazama historia ya meli. Kama BL inasema gari ilipanda Yokohama tarehe 3 na siku hiyo meli ilikuwa Durban, umeshapata jibu. Ikilingana bado hujamaliza, piga simu ofisi ya wakala wa meli hiyo Dar, namba itafute mwenyewe usipewe na muuzaji, wasomee namba ya BL. Nimeongea na mtu aliyeuza kiwanja kwa gari ambayo haikuwepo, alilia kwenye simu, sijasahau.

Mimi nimeagiza Uingereza, mbona inazunguka Afrika nzima?

Tangu meli ya magari Galaxy Leader itekwe Bahari ya Shamu Novemba 2023, nyingi zimekuwa zikipita Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini. Ya Japani haipiti huko.

Naweza kuiona ikiingia?

Ndio, na ni raha. Mshale ukianza kusogea kutoka nangani nenda Feri pale Dar, utaiona inapita kwenye mlango mwembamba kama ghorofa lisilo na madirisha, pantoni ya Kigamboni inaonekana kidude tu pembeni. Ila usingoje hiyo siku ndo umpe ajenti makaratasi, mpe mshale ukiwa bado uko mbali, maana siku za bure bandarini zikiisha storeji, yaani malipo ya kuweka gari bandarini, inaanza kuhesabu.