Nauli nayo ni tiba: kwa mnaoanza kuchangisha kwa ajili ya wagonjwa wa saratani

Karibuni. Mwezi huu kikundi kimepata watu wapya sita, na karibu wote wameniuliza lile lile nililouliza mimi nilipoanza: dawa za saratani ni bei gani, tununue kiasi gani? Mimi ni mweka hazina, sina mshahara kama nyinyi msivyo nao, na daftari la kikundi nimelishika mwaka wa saba sasa. Nawaambia kilichomo.

Funua ukurasa wowote, neno utakalolikuta mara nyingi kuliko yote ni nauli. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi aliyepangiwa mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa kawaida huingia kwenye mashine Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kama tano, halafu kuna mionzi ya ndani, inayowekwa mwilini karibu na uvimbe wenyewe. Kila anapoingia kwenye mashine ni dakika chache tu. Madaktari hutaka shughuli nzima iishe ndani ya wiki nane, maana siku zikirefuka uvimbe unapata nafasi ya kujijenga upya. Sasa mchukue mama huyo katoka Songea, kashuka na begi lake stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, kafikia kwa binamu yake Chanika. Kutoka Chanika mpaka ufukweni kule ni kupanda na kushuka daladala, kwenda na kurudi, kila siku, na tumbo linamwendesha kwa sababu ya hiyo mionzi. Wiki ya tatu hela imekata. Anaona haya kumwomba binamu tena, anasema ngoja nipumzike siku mbili. Siku mbili zinakuwa kumi. Dawa hakunyimwa na mtu, mashine ilikuwepo, na tiba imevunjika.

Kwa hiyo mnapotuma, tumeni na ya kutolea. Nacheka nikiandika hili, lakini mwaka wa kwanza tulituma nauli kavu, mgonjwa akikatwa kwa wakala anabaki na pungufu la siku nzima. Tumeni kwa wiki, msitume kwa mkupuo: mkupuo ukifika, mume kule kijijini naye anapiga simu, ada ya mtoto inadaiwa, na wewe huwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

Kuchangisha kwenyewe kuna mitego. Tuliwahi kuandaa jogingi ya Jumamosi asubuhi, watu wakajaa, ngoma ikapigwa, picha zikawa nzuri ajabu. Tulikuwa tumechapisha fulana nyingi kupita waliojiandikisha, tena tukaziandika mwaka kifuani. Januari ilipoingia hazikuuzika hata kwa bei ya kutupa, na mpaka leo nadekia fulana za kikundi. Chapisheni baada ya watu kulipa, na mwaka msiuandike.

Ahadi si hela. Mtu akisimama ukumbini akaahidi laki tano, mwandike, mshukuru, kisha mpigie wiki ya mishahara; ukimpigia tarehe 15 unampa aibu tu, na akishaona aibu hapokei tena simu yako. Michango yote iingie kwenye lipa namba ya kikundi. Namba ya mtu binafsi hapana, hata kama ni mwenyekiti, hata kama ni mimi. Risiti ya shilingi elfu mbili na ya milioni mbili zinakaa faili moja.

Wodini ndiko nimeona watu wenye moyo mzuri wakiharibu. Msipige picha, hata mgonjwa akikubali. Anayekutegemea kwa nauli ya kesho atakukatalia vipi? Msiulize "imefika hatua ya ngapi?" Na zawadi, muulizeni nesi kwanza. Safari yetu ya kwanza tulibeba sabuni za manukato na losheni, katoni kwa katoni. Nesi akatuvuta pembeni kwa upole: ngozi inayopigwa mionzi haipakwi vitu vya manukato. Siku hiyo hiyo mwenzetu mmoja alimsaidia bibi kuoga, akamsugua vizuri kwa dodoki na kufuta alama za wino nyonga nzima. Alama zile ndizo zinazoonyesha mionzi ipige wapi. Bibi alirudishwa kupimwa na kuchorwa upya. Leteni khanga, sabuni ya kipande isiyo na harufu, ndoo, na vocha.

Sasa utafiti, maana hapa ndipo vikao vyetu hurefuka. Tunatenga fungu dogo kwa ajili hiyo, na kila mwaka kuna anayesema ni kupeleka hela kwa Wazungu wenye maabara. Mimi humjibu kwa habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa na jicho moja tu zima, akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakazunguka wiki kumi, kilomita kama 16,000, kuelekea kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza: uvimbe huu kwenu upo? Wakaona uko kwenye joto na mvua, lakini kwenye milima ya baridi haupo. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London, na mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli zake, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Safari ile ilihitaji gari la mtumba, petroli na watu wa kuuliza. Utafiti wa kiasi chetu unaweza kuwa vocha za kuwapigia walioacha mionzi katikati na kuwauliza kwa nini. Ila kwanza muone kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Asiye nacho, hata awe mjomba wako, hapewi senti.

Kurasa za nyuma za daftari ni za walioondoka. Utapiga simu Jumapili kuuliza nauli ya wiki imefika, atapokea kijana, atasema mama tulimzika juzi. Mpe pole, msikilize kwa muda atakaotaka kuongea. Usiulize salio la wiki hiyo. Mpya mmoja aliliuliza, kwa nia njema kabisa ya kulinda hela za watu, na yule kijana akairudisha kesho yake, yote, na ya kutolea. Sikujua niiandike wapi. Sasa tunaandika "imefungwa" kwa kalamu nyekundu, na rambirambi tunachangishana wenyewe, haitoki kwenye fungu la nauli.