Maswali yenu: 1,3-BPG, na pasu (mitihani ya zamani)

*Mwalimu, 1,3-BPG na 2,3-BPG si kitu kimoja, namba tu zimehama?*

Sio! Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Zote ni bisfosfogliserati, molekuli ya kaboni tatu yenye fosfati mbili. Namba ni kaboni ambazo fosfati zimekaa. 1,3 iko kwenye glikolisisi (njia ya seli ya kuvunja glukosi mpaka piruveti ili ipate nishati), inazaliwa na kutumika hapohapo, wakati 2,3 imejaa kwenye chembe nyekundu za damu, inashika himoglobini (protini inayobeba oksijeni) ili iachie oksijeni kwenye tishu, na ukikaa milimani inaongezeka. Chembe nyekundu inaitengeneza kutokana na 1,3 hiyohiyo, na kwa kupita njia hiyo inapoteza ATP moja (molekuli inayobeba nishati ya seli). Anayekariri pasu bila kuangalia molekuli atazichanganya tu.

*Mbona 1,3-BPG haidumu?*

Fosfati ya kaboni namba 1 imeungwa na kundi la asidi, na huo muungano ni moto. Ukivunjwa na maji unatoa kama kilojuli 49 kwa moli, ATP yenyewe kama 30, ndo maana 1,3-BPG inaweza kumpa ADP (ATP iliyopungukiwa fosfati moja) fosfati yake na ikabaki chenji. Hapo ATP inapatikana bila oksijeni wala mitokondria (vinu vya nishati vya seli), na chembe nyekundu ambayo haina mitokondria inaishi kwa hatua za namna hiyo. Sasa kitu cha hivyo ukikirundika kwenye seli kitavunjwa na maji bure, kwa hiyo kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) cha hatua inayofuata kinakipokea chapchap. Wanakemia Negelein na Brömel waliitenga 1,3-BPG Berlin, maabara ya Otto Warburg, 1939, jiulize kazi waliyokuwa nayo.

*Glukosi moja kwenye glikolisisi inatoa ATP 2 au 4?*

Zinatoka 4, ila mwanzoni ulikopa 2. Za 1,3-BPG zinalipa deni tu, faida inakuja mwishoni kwenye piruveti.

*Kuna unga wa 1,3-BPG wa kuongeza nguvu gym?*

Hakuna. Anayekuuzia anakuibia, kula ugali.

*Arseniki inaingiaje hapa?*

Arseneti (aina moja ya arseniki) inafanana na fosfati, kimeng'enya kinachotengeneza 1,3-BPG kinadanganyika kinaibandika badala ya fosfati, kinachotoka kinavunjika chenyewe kwenye maji. Glikolisisi inaendelea kama kawaida ila zile ATP 2 za kulipa deni hazipo, unabaki na sifuri. Lakini msiandike kwamba ndo sababu pekee ya sumu, arsenaiti (aina nyingine ya arseniki) inashambulia vimeng'enya vingine kabisa, na wenye visima: kuchemsha maji hakuondoi arseniki, yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea.